Lafudhi ya Nani? Maoni Kuhusu Usemi wa Wahusika katika Riwaya Nilizosoma Karibuni

Makala haya si uhakiki. Sikusudii kupima fani na maudhui ya kazi yoyote kwa utaratibu uliozoeleka katika kurasa hizi, wala sina nadharia mpya ya kuitetea. Ninakusudia kuandika yale niliyoyawaza nilipokuwa nikisoma, na mara nyingine nikisoma upya, riwaya chache katika likizo mbili zilizopita. Taaluma yangu ni isimu. Fasihi huisoma kwa starehe, na wenzangu wa upande huo watanisamehe nikiingia uwanjani mwao kwa hodi moja tu. Hata hivyo, mwanaisimu asomapo riwaya hawezi kuyaziba masikio. Wakati wasomaji wengine wanafuata kisa, yeye hujikuta akisikiliza nani anasema, kwa maneno ya wapi, na aliyeambiwa amejibu kwa namna gani. Baada ya kusikiliza hivyo kwa muda nimefikia maoni ambayo huenda yasiwapendeze baadhi ya wahariri wetu. Naona kwamba katika sehemu kubwa ya riwaya za Kiswahili, mtu pekee aliyepewa lafudhi ni mtu wa kando.

Nianze na Peponi, kwa kuwa ndiyo iliyonifikisha hapa. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, na riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Paradise ilitoka mwaka 1994. Mwandishi alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata kampuni ya Mkuki na Nyota ilitoa tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Nilikuwa nimekwisha kuisoma kwa Kiingereza zamani. Kwa Kiswahili niliisoma polepole mno, kwani karibu kila ukurasa ulinifanya nisimame na kujiuliza: hivi maneno haya yalikuwa yakisemwa kwa lugha gani tangu hapo? Yusuf, Khalil na Hamid hawakuwa wakizungumza Kiingereza. Hao ni watu wa pwani na wa njia za misafara katika miaka ya utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kiingereza cha Gurnah ndicho kilichokuwa tafsiri, hata kama hapakuwa na matini asilia. Mfasiri basi alipewa kazi ya ajabu, kutafsiri kuelekea lugha ambayo maneno hayo yalikuwa yamekwisha kusemwa kwayo bila ya mtu yeyote kuyaandika.

Kiini cha riwaya hii, kwa maoni yangu, kimo katika neno moja la undugu. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz, mtu ambaye amezoea kumhesabu kuwa ndugu wa wazazi wake. Baadaye Khalil anamfungua macho: huyo si ndugu yake hata kidogo, na yeye Yusuf amewekwa rehani kwa ajili ya deni la baba yake. Sasa, Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa mama na ndugu wa kiume wa baba, na neno hilohilo hutumiwa kwa rafiki wa nyumbani mwenye heshima zake. Sisi tunaye mjomba, tunaye ami, tunao baba mkubwa na baba mdogo, na kila mmoja ana haki na wajibu wake. Mtoto anayemwita mtu ami amekwisha kumweka upande wa nasaba na urithi. Anayemwita mjomba amemvuta upande wa mama, upande wa utani na wa kukimbilia anapoonewa. Mfasiri hawezi kuukwepa uchaguzi huo. Akishachagua, udanganyifu aliofanyiwa Yusuf unapata mahali pake mahususi katika ukoo. Sitasema hapa ni lipi alilolichagua mfasiri. Anayetaka kujua na akifungue kitabu. Ninalosema ni kwamba kwa Kiswahili uongo ule unauma zaidi, maana umefanywa kwa cheo ambacho mtoto wa Kiswahili hufundishwa kukitamka kabla hajaijua alifu. Na Khalil anapomwonya Yusuf aache kumwita Aziz kwa jina la undugu na badala yake amwite Seyyid, msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba hilo si suala la adabu. Mtoto ameondolewa katika ukoo na kuingizwa katika daftari la mali.

Lakini aliyenishughulisha zaidi katika Peponi ni Kalasinga, yule Singasinga fundi wa mitambo, rafiki wa Hamid. Msomaji atakumbuka kwamba Kalasinga anawatangazia rafiki zake Waislamu kuwa ana nia ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Wanamcheka. Kiarabu hakijui, na Kiswahili chenyewe, wanamwambia, kinamchenga. Yeye anajibu kwamba ataifasiri kutoka katika tafsiri ya Kiingereza. Ni mojawapo ya sehemu zinazochekesha sana katika riwaya ambayo kwa jumla haina vicheko vingi. Nami nilicheka, hasa nikikumbuka kwamba tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, haikufanywa na mwanachuoni wa Kiislamu. Ilifanywa na Godfrey Dale, padre wa misheni ya UMCA, na waumini wenyewe hawakuwa na furaha nayo. Historia ilimpa Kalasinga mshindani asiyemtarajia.

Kicheko kilipopungua niliona tatizo ambalo katika Kiingereza halipo. Kwa Kiingereza, msimulizi anatuarifu tu kwamba Kiswahili cha Kalasinga ni kibovu, nasi tunakubali, kwa sababu hatukisikii. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza kama ya wenzake. Kwa Kiswahili, kila neno analolitamka Kalasinga liko mbele ya macho yetu, na mfasiri lazima aamue: je, Kalasinga aseme vibaya? Akisema sawasawa, mzaha wa rafiki zake unaning'inia hewani. Akisema vibaya, tunaingia katika mazoea mabaya ambayo sote tumeyarithi kutoka katika michezo ya redioni, vichekesho vya jukwaani na hadithi za magazetini, mazoea ya kumwandika Mhindi kwa "veve", Mzungu kwa vitenzi visivyonyambuliwa, mlinzi wa Kimasai kwa sentensi zenye viambishi vilivyopinda, na Mwarabu wa dukani kwa konsonanti za kooni. Haya tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaoni tena kuwa ni maamuzi ya mwandishi. Tunayaona kuwa ni uhalisia.

Ni uhalisia wa upande mmoja. Tumchukue shujaa wa kawaida wa riwaya ya Kibongo, mtu wa kubuni kabisa: amezaliwa Songea, amesoma Mbeya, anaishi Temeke, anafanya kazi ya utingo. Katika maisha, kijana huyu angesema "naenda" na si "ninakwenda", angesema "nishamwambia", angekata maneno, angechanganya, na wakati mwingine lugha ya nyumbani kwao ingechungulia katika matamshi yake. Katika riwaya anazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Karibu naye, katika ukurasa uleule, mwenye duka anasema "veve". Hivyo mwandishi anadai kwamba amesikiliza watu wanavyosema. Amemsikiliza mmoja tu, na huyo mmoja ni yule ambaye amekusudia tumcheke. Kiswahili sanifu ni lugha ya maandishi. Kila anayekitamka hukitamka kutoka mahali fulani. Mwandishi anapowapa wenyeji wote usemi usio na mahali na kumbakishia mgeni usemi wenye mahali, amekwisha kutuambia nani ni mwenye nyumba na nani amepita njia, hata kama maudhui ya kitabu chake yanahubiri undugu wa binadamu. Nimesoma riwaya za namna hiyo, zenye shabaha nzuri sana, na sitazitaja kwa sababu waandishi wake si wabaya kuliko wengine.

Nikiwa na mawazo haya niliirudia Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Riwaya hii ilichapwa mwaka 1999, na filamu iliyotokana nayo, ya Amil Shivji, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021, jambo lililoamsha ari ya vijana wengi kukitafuta kitabu. Nimewahi kumsikia mtu mzima, tena mwalimu, akilitamka jina la kitabu hiki "Vuta Nikuvute", kwa usahihi wote wa kishule, na nilihisi kama mtu aliyepewa chai ya jana. Ile nazali yenye king'ong'o chake, iliyoachwa na irabu yake lakini ikabaki kuwa silabi, ndiyo Unguja yenyewe. Mwandishi ameiweka jaladani, na ni furaha kwamba hakuna aliyeinyoosha.

Kinachonivutia zaidi ni Yasmin. Huyu ni binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima asiyempenda. Anamtoroka, anatupwa na jamaa zake, na anapata hifadhi Ng'ambo, nyumbani kwa Mwajuma, mpenda taarabu na mcheshi. Hapa palikuwa na nafasi pana ya kutumia "veve". Mwandishi mvivu angeitumia, na wasomaji wangecheka. Lakini Yasmin na Mwajuma wanazungumza kama mashoga wanavyozungumza, na tofauti zao zimewekwa mahali pengine: nani anajua nini, nani anaona haya, nani anaulizia na nani anajibu kwa fumbo. Mwajuma ana lugha ya mtu aliyekwisha kuyaona mengi na asiyetaka kuyasikitikia. Yasmin anaanza kwa maneno machache, na kadiri anavyoikaa Ng'ambo maneno yake yanaongezeka. Mimi nililisoma jambo hilo kama hadithi ndani ya hadithi, ya mtu anayepata ulimi. Denge, kijana mpigania uhuru aliyesoma Urusi, ana usemi wa mikutano ambao wakati mwingine unachosha, na nadhani unachosha kwa makusudi, kwani hata mapenzini hauachi kumfuata. Katika Kuli ya mwaka 1979 mwandishi huyuhuyu alikuwa bado anawaachia wahusika wake wahutubie mno. Miaka ishirini baadaye anawaachia wapige soga, na siasa inapita kwenye soga hiyohiyo.

Kuna watakaosema kwamba mwandishi wa Unguja ana bahati, maana lugha ya mtaani kwake ndiyo iliyofanywa msingi wa usanifu. Hilo ni kweli, na pia ni kejeli. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, kilichochukuliwa hakikuwa Kiunguja cha sebuleni wala cha kisimani. Kilichukuliwa kiunzi chake, kikapigwa randa, kikarudishwa Unguja kwa sura ya vitabu vya shule, na mtoto wa Malindi au Kikwajuni akaambiwa kwamba "n'takuja" ni kosa. Kamati ilikuwa na kazi pia ya kuipitia miswada na kuvipa ithibati vitabu vilivyokuwa na Kiswahili kilichokubalika. Katika shule za wakati ule, zenye nchi kadhaa na walimu wengi wasioijua lugha, kazi hiyo ilikuwa na maana yake. Tatizo ni kwamba kamati ilikwisha kufa lakini kalamu yake nyekundu ingali hai. Imehamia kwa wahariri, kwa walimu wa sekondari, na kwa sisi wa vyuo vikuu ambao tunampa mwanafunzi swali la "makosa ya lugha" katika riwaya bila kumwuliza kwanza aliyesema ni nani.

Hata chini ya macho ya mfumo huo wapo waliopenya. Muhammed Said Abdulla, aliyemleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alielewa kwamba upelelezi ni kazi ya kusikiliza, na mazungumzo yake ya kibarazani yana maji ambayo riwaya nyingi za upelelezi zilizofuata hazina. Shaaban Robert yuko mbali na suala hili kabisa. Katika Kusadikika kila mtu ni msemaji wa barazani, nami sioni dosari, kwa sababu kitabu kizima ni baraza: Karama yuko mbele ya hukumu, na mbele ya hukumu hata muuza samaki hutafuta maneno yake mazuri. Waliomwiga nje ya baraza ndio waliotuletea shida.

Hoja yangu ingekuwa nyepesi kama ningeishia pwani. Bara, mambo ni magumu zaidi, na kitabu kilichonifanya niyafikirie upya ni kile ambacho nilikisoma mara ya kwanza kwa kificho, kama wengi wa rika langu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na kwa sababu hiyohiyo ikasomwa mashuleni kuliko vitabu vilivyoruhusiwa. Niliirudia baada ya mwandishi kufariki mwaka 2020. Nilitegemea kukuta kashfa, nilikuta nyumba. Zakaria mlevi, Regina mkewe mvumilivu, na mabinti wanaokua chini ya ngumi na ukimya, kisiwani Ukerewe.

Nyumba hiyo ilizungumza lugha gani? Katika Ukerewe ya wakati ule, mzee akimgombeza binti yake usiku angemgombeza kwa Kikerewe. Kiswahili kingekuwa shuleni, kanisani, ofisini na katika barua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mazungumzo ya Rosa Mistika ni tafsiri ambayo haijitangazi, kama vile Paradise ilivyo tafsiri isiyojitangaza. Hapa dai la kwamba mwandishi aandike jinsi watu wanavyosema halisaidii kitu. Angeandika Kiswahili chenye lafudhi ya Kikerewe angewadanganya wahusika wake, kwa kuwa katika lugha yao wenyewe hawana lafudhi yoyote. Kezilahabi alichagua Kiswahili kikavu, cha sentensi fupi, kisicho na misemo ya pwani, na uchaguzi huo, ambao baadhi ya wahakiki wa zamani waliuona kuwa ni upungufu wa ulimi, mimi nauona kuwa ni uaminifu. Zakaria hawezi kuzungumza kama mzee wa Pangani. Ukali wake umewekwa katika ufupi. Tazama jinsi kipigo kinavyotokea kwa sababu ya barua, ile barua ya Charles kwa Rosa: maandishi yanaingia katika nyumba ya maneno machache, na baba anajibu kwa mkono. Sijui kama mwandishi alikusudia tulione hivyo. Mwanaisimu atakayeisoma sehemu ile bila kuwaza juu ya lugha mbili na nani anaimiliki ipi, amelala.

Hivyo hoja yangu inabidi isemwe kwa uangalifu. Siombi lahaja kwa ajili ya lahaja. Siombi waandishi watupe unukuzi wa kinasasauti, kwani mazungumzo halisi yakinukuliwa neno kwa neno hayasomeki. Waliowahi kufanya utafiti uwandani wanayajua mateso hayo. Ninachotaka ni usawa wa sikio. Kama mwandishi ameamua kumpa mhusika mmoja mahali pa kusemea, awape wote. Kama ameamua kutowapa, kama Kezilahabi alivyoamua, basi Mhindi na Mmasai na Mzungu nao wapewe Kiswahili kilekile kikavu, na ugeni wao uonekane katika wanachokijua na wasichokijua, katika nani wanamwita bwana na nani wanamwita wewe. Riwaya ina njia nyingi za kuonyesha umbali kati ya watu wawili bila kugusa fonolojia. Namna wanavyoitana peke yake inatosha kujaza sura nzima: mzee, mama fulani, kaka, mkuu, bosi, au jina tupu bila kilemba.

Kuhusu Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 nitasema machache, kwa kuwa wenzangu wamekwisha kuziandikia mengi kuliko urefu wake. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba Nagona ina "lugha ngumu". Nilimwomba anionyeshe neno gumu, akatafuta ukurasa hadi ukurasa asilipate. Sentensi ni za mtoto wa darasa la tano. Ugumu upo katika kinachosemwa. Jambo hilo dogo latosha kutufanya tuache kabisa kuandika katika mapitio ya vitabu kwamba lugha ya mwandishi ni "nyepesi" au "ngumu", kana kwamba tunapima mzigo.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ni ya mkondo mwingine kabisa. Msimulizi, Kongowea Mswahili, anakua Tanga, na ana lugha iliyonakshiwa kupita kiasi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikunja uso. Safari hii nimeiona vingine. Kijana huyu ndiye anayesimulia. Hana baba karibu, hana mali, na fahari yake kubwa ni ulimi wake. Anajipamba kwa maneno kama wengine wanavyojipamba kwa viatu. Hata jina la utani alilopewa, Msanifu Kombo, lina msanifu na kombo ndani yake, na sidhani kwamba ni kwa bahati. Nakshi zile ni tabia ya mhusika, kwa hiyo zina haki. Ninachokilaumu ni kilichofuata, pale ambapo vizazi vya wanafunzi nchini Kenya vilifundishwa kuandika insha kwa nakshi hizo bila ya kuwa na upweke wa Kongowea. Matokeo yake tumepata riwaya ambazo matineja wa Nairobi wanashangaa kwa "Salaale!" na "Lahaula!", ilhali mwandishi mwenyewe, akishuka kwenye matatu, hakuwahi kumsikia tineja yeyote akishangaa namna hiyo.

Najua pingamizi litakalotolewa, na si dogo. Wachapishaji watasema kwamba kitabu cha Kiswahili kina soko jembamba, kwamba sehemu kubwa ya mauzo hutegemea orodha ya vitabu teule vya shule, na kwamba kamati zinazoteua vitabu hivyo huangalia usanifu wa lugha kabla ya jambo lingine. Mhariri anayeacha "n'takuja" anaweza kumnyima mwandishi wake mkate. Watasema vilevile kwamba msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi, ambaye naye ana Kiswahili chake, anakihitaji kile cha sanifu kama daraja. Pingamizi la kwanza ni la kweli, na jibu lake haliko mikononi mwa mwandishi. Liko kwa hao wanaoteua, na miongoni mwao tumo sisi. La pili nalikubali nusu. Msomaji wa Lubumbashi amezoea kukivuka Kiswahili cha wengine kila siku, na hababaiki kwa kukosekana irabu moja. Daraja analolihitaji ni masimulizi yanayoeleweka. Hajaomba kwamba kila mtu anayekutana naye upande wa pili awe na sauti moja.

Lipo jambo dogo ambalo wachapishaji wanaweza kulifanya bila gharama kubwa. Mswada wa mwandishi kabla haujapita mikononi mwa mhariri una thamani yake, na kwa mtafiti wa isimujamii pengine una thamani kuliko kitabu chenyewe. Hatuna rekodi nyingi za sauti za watu wa kawaida wa miaka ya sitini na sabini wakizungumza majumbani mwao. Mazungumzo ya riwaya, pamoja na uteuzi wake wote wa kisanaa, ni mojawapo ya mabaki machache tuliyonayo, na mara nyingi toleo lililochapwa ndilo lililokwisha kupigwa pasi. Miswada hiyo imelala katika makabati ya kampuni, katika masanduku ya warithi, na siku hizi katika tarakilishi zinazobadilishwa kila baada ya miaka michache. Ikikusanywa katika maktaba moja ya chuo, hata kwa makubaliano kwamba isifunguliwe hadi mwandishi atakapofariki, tutaweza kuweka kurasa mbili sambamba, ya mswada na ya kitabu, na kuona ni midomo ya nani iliyonyooshwa na ni ya nani iliyoachwa ikiwa imepinda.